Barua ya wazi kuhusu sheria za mazingira: andikeni gharama kabla ya kuzibadilisha

Kwa Waziri wa Fedha na Waziri wa Mazingira;
Kwa Maspika wa Bunge la Kitaifa na Seneti;
Kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu na Waheshimiwa wote wa Bunge la Kaunti:

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum, na salamu nyingi kutoka Langoni, Lamu.

Mimi ni mtunza hesabu. Naweka vitabu vya vikundi vya wavuvi na vya wakataji mikoko, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na katika vijiji vya kisiwa cha Pate. Kazi yangu ni kuandika kilichoingia na kilichotoka, na mwisho wa mwezi kuwasomea wenye kikundi ili kila mtu ajue fedha yake imekwenda wapi. Sina cheo kingine cha kuwaandikia nacho.

Nina jambo moja. Kila mara sheria ya mazingira inapobadilishwa Nairobi, iwe imekazwa au imelegezwa, kuna fedha zinazohama kutoka mfuko wa mtu mmoja kwenda mfuko wa mwingine, na hakuna anayeziandika kabla hazijahama. Sisi huku tunakuja kuziona baadaye, kwenye madaftari, zikiwa zimeshaondoka. Naomba ziandikwe mapema. Kila mswada, kila kanuni na kila amri inayogusa bahari, msitu, taka au hewa ije na hati ya gharama: kaunti italipa nini, mwananchi atalipa nini, nani atapata, na fedha zitatoka katika fungu gani la bajeti.

Mtaniambia hati hiyo ipo tayari. Ipo, nimeisoma. Chukueni mswada wowote wa Bunge mkaufungue kurasa za mwisho, penye taarifa ya malengo na sababu zake. Mtakuta sentensi inayosema kwamba kutungwa kwa mswada huo kutasababisha, au hakutasababisha, matumizi ya ziada ya fedha za umma. Mara nyingi ni sentensi hiyo tu. Hakuna kiasi, hakuna mwaka, wala haikutajwa serikali ipi itakayotoa fedha hizo kati ya hizi mbili tulizonazo, ya kitaifa na ya kaunti. Na inapozungumza juu ya fedha za umma haimzungumzii mama anayeuza maandazi kwa wakataji mikoko, wala nahodha anayedaiwa mkopo wa mashine ya boti. Kwa sentensi moja ya namna hiyo sheria inapita, na maisha ya maelfu ya watu yanapata bei mpya.

Kikundi chochote hapa Lamu kikiniletea bajeti ya mstari mmoja nitakirudisha kikaandike upya. Sioni kwa nini Bunge litosheke na kiwango kilicho chini ya kile cha wavuvi wa Kizingitini.

Nianze na deni ambalo kila mtu Lamu analijua. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Kibaki alizindua ujenzi wa bandari ya Lamu akiwa pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini. Bandari ilipangwa kuwa na gati 32. Kulikuwa na hesabu ya saruji, ya mawe, ya kuchimba mkondo ili meli kubwa zipite. Hesabu ya mvuvi haikuwemo. Maeneo yaliyochimbwa na kuzuiwa ndiyo waliyovua watu wenye madau na mashua ndogo, watu wasioweza kutoka nje ya miamba msimu wa kusi. Wakaambiwa waende bahari kuu. Kwa chombo gani, na kwa fedha ya nani, hilo halikuwa katika makadirio yoyote.

Wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema haki yao ya mazingira safi imevunjwa, na haki ya utamaduni wao wa uvuvi wa jadi, na haki ya kupata habari. Ikasema pia kwamba serikali ya kaunti haikushirikishwa ipasavyo. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ukizigawa sawasawa ni karibu shilingi 380,000 kwa kila mvuvi. Kisha ikaja rufaa, kisha mazungumzo, kisha maafikiano kwamba asilimia 65 zilipwe taslimu na asilimia 35 kwa vifaa na miradi ya uvuvi. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Meli zilitangulia kufika, fidia ikabaki njiani.

Tazameni sasa ukubwa wa kiasi hicho. Mgao wa Kaunti ya Lamu kutoka Hazina ya Kitaifa katika mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 3.1, mgao mdogo kuliko wa kaunti nyingine zote 46. Fidia ya wavuvi peke yake ni zaidi ya nusu ya fedha ambazo kaunti nzima ilipewa mwaka huo kwa hospitali, maji, chekechea, barabara na mishahara. Na hizi bilioni 1.76 zinatoka kwa umma, yaani kwa mlipa kodi wa Kakamega na wa Nyeri aliye mbali kabisa na bandari yetu. Gharama ile ilikuwapo tangu 2012. Kutoiandika hakukuiondoa. Kuliifanya ikue, ikaongezwa mawakili na miaka ya kungoja, na wakati ule wote watoto wa wavuvi wakawa wanarudishwa nyumbani kwa karo.

Hadi leo wako wanaoisimulia kesi ile kama ushindi wa wanaharakati dhidi ya maendeleo. Mimi naiona kama kosa la uhasibu la serikali, lililosahihishwa na majaji baada ya miaka sita.

Sasa nije kwenye mikoko, maana huko ndiko nilikozoea zaidi, na huko ndiko hesabu ilikopotea mara nyingi.

Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Ni misitu ya serikali tangu ilipotangazwa mwaka 1932, wakati wa ukoloni. Mkataji hakati apendavyo. Ana leseni, ameonyeshwa eneo, na anajua mkoko, mkandaa, muia na mchu kama mwalimu anavyojua wanafunzi wake. Anangoja maji makubwa ya bamvua ili chombo kiingie ndani ya mkondo. Miti inapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Inauzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Kutoka kwenye korja moja anakula mkataji, mpakizi, nahodha, mwenye chombo, mwenye duka aliyekopesha unga na sukari ya dago (kambi ya wakataji), na serikali inayochukua ada yake kabla ya wote. Wanawake wanapika na kuuza. Mwenye nyumba mjini ananunua boriti ili darini pasimwangukie.

Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti ng'ambo. Majahazi ya kwenda Arabuni, yaliyobeba boriti za Lamu tangu enzi za mababu, yakasimama. Huenda marufuku ile ilikuwa na sababu nzuri. Misitu ilikuwa inakatwa sana. Lakini hakuna aliyekaa na watu wa Pate, Siyu, Faza na Ndau akawaambia, mlikuwa mkipata kiasi hiki, sasa mtapata kiasi hiki, na pengo litazibwa namna hii. Soko la nje liliondoka bila kulipwa na bila kubadilishwa na kitu.

Kisha Februari 2018 likaja zuio la kukata miti katika misitu ya umma nchi nzima. Chanzo chake kilikuwa bara: mito ya milimani ilikauka, watu wakapiga kelele juu ya uharibifu wa misitu ya vyanzo vya maji, na serikali ikachukua hatua. Ilikuwa haki kuchukua hatua. Lakini amri ile haikubagua msitu wa mvule, msitu wa mikaratusi na msitu wa mikoko unaosimama katika maji ya chumvi na hauna mto wa kuulinda. Siku moja mkataji ana leseni, siku ya pili ni mhalifu. Haikuwa sheria iliyopita Bungeni, wala haikuwa kanuni iliyowekwa mezani pa wabunge, kwa hiyo hata ile sentensi moja ya matumizi haikuandikwa.

Katika vitabu nilivyoshika, zuio lilionekana kwa mpangilio ambao ningeweza kuueleza nikiwa nimefumba macho. Kwanza ikakatika safu ya mauzo. Halafu akiba za kikundi zikaanza kutolewa, mtu mmoja kwa ajili ya karo, mwingine kwa ajili ya mgonjwa. Kisha madeni ya dukani, na mwenye duka naye akashindwa kumlipa wa jumla wa Mombasa. Halafu vyombo vikauzwa. Mwisho wake ni watu kuhamia kwenye uvuvi ambao tayari ulikuwa umebanwa na bandari, wakitumia nyavu zozote walizozipata. Basi zuio la kulinda msitu likasukuma mzigo juu ya samaki. Waziri wa Mazingira aliona miti iliyosalimika. Hasara ya baharini iliandikwa katika wizara nyingine, kama iliandikwa. Serikali baadaye iliwalegezea wakataji wa Lamu, na tunashukuru, lakini chombo kilichouzwa kwa dhiki hakirudi kwa tangazo.

Na kuna upande wa mji. Lamu ni mji wa urithi wa dunia tangu 2001, na mji mkongwe unalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Mwenye nyumba ya mawe anatakiwa akarabati kwa namna ya asili, na dari ya asili inalala juu ya boriti. Sheria moja inamwambia tumia boriti, amri nyingine inamwambia boriti hakuna. Zilizobaki sokoni zinapanda bei. Nyumba inaachwa ivuje, au inauzwa kwa mgeni mwenye fedha. Hakuna mtu katika ofisi yoyote aliyeziweka karatasi hizi mbili juu ya meza moja akajumlisha.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu najua maneno yangu yatageuzwa. Sitaki sheria dhaifu ya mazingira. Bila mikoko hatuna kamba, hatuna kaa, hatuna mazalio ya samaki, na bahari itaila pwani. Nataka sheria kali inayolipiwa. Sheria isiyo na fungu haiwezi kutekelezwa, na inayotekelezwa nusunusu humwangukia aliye karibu na mlinzi na kumwacha aliye karibu na waziri.

Jirani zetu wa Magarini, kaskazini mwa Malindi, wanalijua hili. Kenya ilikuwa na sheria kuu ya mazingira tangu 1999, ikiwa na NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, ikiwa na tathmini za athari, hata ikiwa na kifungu cha kuanzisha hazina ya kurejesha mazingira yaliyoharibiwa na kingine cha kumtaka mwenye mradi wa hatari aweke amana. Bado Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ililazimika kufanya uchunguzi wa hadhara mwaka 2005 juu ya mashamba ya chumvi ya Gongoni hadi Marereni, na ripoti yake ya 2006 imejaa malalamiko ya watu waliopoteza ardhi, mikoko iliyofyekwa na visima vilivyogeuka chumvi. Sheria ilikuwepo kitabuni. Fedha za kuifikisha Marereni ndizo hazikuwepo.

Kulegeza sheria nako kuna gharama, ingawa watu hudhani ni bure. Ada ya tathmini ya athari za mazingira, asilimia 0.1 ya gharama ya mradi, imewahi kuondolewa ili kuvutia wawekezaji, kisha ikarejeshwa. Piga hesabu ya mradi wa shilingi bilioni 200: ada ni milioni 200. Ikiondolewa, mwekezaji amepunguziwa milioni 200, na mkaguzi anayetakiwa kuupima moshi na majitaka ya mradi huohuo amepungukiwa mafuta ya boti. Pengo hilo ni lazima lizibwe na mtu. Hazina isipoliziba, anaziba mwanakijiji kwa mapafu yake na kwa nauli ya kwenda kulalamika.

Nauli hiyo si jambo dogo, na nitawaonyesha kwa mfano wa kifungu cha 129 cha sheria ile ya 1999. Zamani mtu akikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, kazi inayolalamikiwa ilisimama yenyewe hadi rufaa isikizwe. Kifungu kikabadilishwa. Sasa mlalamikaji ndiye anayepaswa kuomba amri ya kusimamisha, na kulishawishi Jopo kwamba anastahili kupewa. Katika karatasi za Bunge mabadiliko hayo hayana gharama hata ya senti moja. Mtu wa Kwasasi anasafiri hadi Mokowe, anapanda basi kupitia Witu na Garsen, barabara ambayo hali ya usalama wake mnaijua, hadi Nairobi, alale, amlipe wakili wa kuandika ombi la haraka, na mtaalamu wa kuapa kwamba madhara yatatokea. Kabla ya hapo gharama ya kungoja ilikuwa juu ya mwenye mradi, mwenye mabilioni. Imehamishiwa kwa mwenye mbuzi.

Kwasasi nimeitaja kwa makusudi. Huko ndiko ulikopangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016. Watu wa Lamu walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni, kwa sababu umma haukushirikishwa kwa dhati na kwa sababu tathmini haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Watu husimulia habari hii kama habari ya moshi na samaki. Mimi naomba Hazina iisome kama habari ya fedha. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya nchi nzima mwaka ule wa 2019 hayakufika megawati 2,000. Mikataba ya mitambo mikubwa ya namna hiyo humfunga mnunuzi alipie uwezo wa mtambo hata siku ambazo umeme wake hauhitajiki, na mnunuzi akilipa, bili ya nyumbani ndiyo inayolipa. Wazee, wavuvi na kina mama waliochangishana nauli kwenda kutoa ushahidi waliiepusha Kenya na deni ambalo hakuna wizara iliyokuwa imeliweka wazi mbele ya wananchi. Sheria iliyowawezesha ilikuwa sheria ya gharama ndogo kuliko zote kwa mlipa kodi.

Kuhusu taka sitakaa sana. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ni sheria nzuri: taka zitenganishwe, kaunti ziwe na vituo vya kuchambua na kurejeleza, mwenye kutengeneza bidhaa awajibike hadi mwisho wa matumizi ya bidhaa hiyo. Lakini aliyeiandika alikuwa akiona lori na barabara. Amu taka hubebwa na punda na mikokoteni. Taka za Kiwayu, Ndau na Pate zitaletwa kwa chombo, na chombo hunywa mafuta. Sehemu kubwa ya plastiki katika fuo zetu haikutupwa na sisi, imeletwa na mikondo ya bahari. Mafundi wa hapa walishaonyesha uwezo wao: jahazi la Flipflopi liliundwa Lamu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Utaalamu upo. Kisichokuwepo ni fungu. Kifungu cha 187 cha Katiba kinasema jukumu likihamishwa kutoka serikali moja kwenda nyingine, rasilimali za kulitekeleza zihakikishwe. Sheria ya taka haikuhamisha jukumu, kwa maana taka zilikuwa za kaunti tangu mwanzo, lakini imepandisha kiwango cha kazi hiyo, na kiwango kikipanda gharama hupanda. Roho ya kifungu ni ileile.

Linalonikosesha usingizi sasa ni kaboni.

Sheria ya tabianchi ilirekebishwa Septemba 2023 ili kusimamia biashara ya kaboni, yaani kuwauzia wachafuzi wa hewa ile kaboni inayohifadhiwa na miti, na inasema mradi wa ardhini utatoa angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa jamii, kupitia mkataba wa maendeleo ya jamii. Kule Gazi, Kwale, wenzetu wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na fedha zikapeleka maji na kusaidia shule. Hekta 117. Lamu ina maelfu kwa maelfu ya hekta. Wenye mikataba watakuja, na wengine wameshaanza kuulizia.

Naiunga mkono biashara hii ikiwa hesabu yake ni safi. Asilimia 40 inahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama za kuendesha mradi? Mtu yeyote aliyewahi kushika daftari anajua kwamba gharama zikitangulia, mshauri, safari, ofisi na magari vinaweza kula chungu chote, na jamii ikapewa asilimia 40 ya ukoko. Halafu jamii ni nani? Mkataji wa Mkunumbi mwenye leseni atazuiwa kukata ili mti ubaki na kaboni yake. Je, atalipwa yeye kwanza kwa kipato alichoacha, au fedha zitaingia kwenye mradi wa darasa katika kijiji ambacho hakijawahi kukata hata fito? Na kaunti, itakayoombwa kusimamia mikataba hii, imetengewa nini kwa wanasheria na wakaguzi wa kuisimamia? Haya ni maswali ya hesabu na yana majibu ya hesabu. Yakiachwa hadi baada ya kutia sahihi, yatajibiwa Malindi mbele ya jaji, kama yale ya bandari.

Waheshimiwa, sehemu kubwa ya ninachoomba tayari ni sheria. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka kila waziri anayetunga kanuni zitakazoleta gharama kubwa kwa jamii, au kwa sehemu ya jamii, aandae kwanza taarifa ya athari inayoonyesha gharama na faida na njia mbadala, na aitangaze. Sehemu ya jamii: wakataji mikoko wa Lamu ni sehemu ya jamii. Niliwahi kukaa katika kikao cha kukusanya maoni juu ya kanuni za bahari ambako karatasi ziligawanywa asubuhi ileile, zote kwa Kiingereza, na nilipoomba kuona taarifa ya athari afisa aliyetumwa hakuwa akijua naulizia kitu gani. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anadaiwa karatasi hiyo. Naomba Kamati ya Bunge inayochunguza kanuni izirudishe kanuni zote za mazingira zinazofika bila taarifa hiyo, na naomba taarifa iandikwe kwa Kiswahili pia, maana ndiyo lugha ya atakayelipa.

Kwa miswada, Katiba kifungu cha 205 kinasema mswada wenye jambo la fedha linalohusu kaunti upitie kwanza kwa Tume ya Ugavi wa Mapato, na mapendekezo yake yawekwe mezani kabla ya kura. Maspika wetu wawili, mkikaa kuamua kama mswada wa mazingira unahusu kaunti, msitazame kichwa chake peke yake. Tazameni ni nani atakayenunua mafuta ya boti. Na Afisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo kazi yake ni kuwachambulia hatari za kifedha za sera za serikali, ipewe kila mswada wa mazingira iuwekee kiasi kwa shilingi, kaunti kwa kaunti pale ambapo mzigo haulingani. Mzigo wa mikoko hauwezi kulingana kati ya Lamu na Nyandarua.

Amri za ghafla kama ile ya 2018 ndizo zinazohitaji dawa kali zaidi, kwa sababu hazipiti popote. Msitu ukiwa hatarini, zuieni leo; sisemi mngoje. Lakini amri itajwe muda wake wa mwisho, itenganishe misitu kwa aina zake, na ndani ya muda mfupi ulioandikwa ifuatwe na hati ya gharama pamoja na fungu la kuwashika mkono waliosimamishwa kazi. Msimu mmoja wa kusi bila kipato unatosha kuiuza mashua.

Kwako Bwana Gavana na kwa Waheshimiwa wa kaunti, hili si la Nairobi peke yake. Waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti unatakiwa ufike bungeni kwenu kufikia tarehe 28 Februari kila mwaka. Wekeni humo sura moja inayoorodhesha sheria za mazingira zilizobadilika mwaka uliopita na gharama ya kila moja kwa Lamu. Mkienda Seneti kuomba mgao mkiwa na kiasi kilichoandikwa mtasikilizwa. Mkienda na malalamiko matupu mtapewa chai. Vitabu vya vikundi ninavyovitunza, wenyewe wakikubali, na naamini watakubali, viko wazi kwa maafisa wenu wa uchumi kuvisoma, na wenzangu wa vijiji vingine nao wana vyao.

Mpango wa Kitaifa wa Usimamizi wa Mikoko unamaliza muda wake 2027. Mwingine utaandikwa, na pengine rasimu imeshaanza. Huo ndio mtihani wa kwanza wa barua hii. Naomba mpango mpya usipitishwe mpaka uwe na kurasa za gharama: mapato ya sasa ya wakataji na wavuvi kwa kila kijiji, yatakavyobadilika, nani atafidia, na kwa fungu lipi. Kikao cha kuujadili kifanyike Faza na Mkunumbi, kwa Kiswahili, na karatasi zifike wiki mbili kabla.

Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya siku hiyo, kutoka Wizara ya Fedha na kutoka kwa Gavana, libandikwe kwenye ubao wa kila banda la samaki katika kaunti hii ili wote wasome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza hesabu wa vikundi vya wavuvi na wakataji mikoko,
Langoni, Lamu